Komiti zangu zimerudishwa kisa meseji, niandike vipi?

Swali: Shikamoo kaka. Nipo mwaka wa tatu, nafanya field kwenye ofisi moja hapa Dodoma, tunatengeneza mfumo wa kusajili wateja. Jana msimamizi kanirudishia kazi yote, msimbo (code) hana shida nao, shida yake meseji za komiti, yale maelezo ninayoandika kila nikihifadhi mabadiliko. Niliandika "update", nyingine "fix bug", ya mwisho "final kabisa". Hiyo ya fix bug nilikuwa nazuia mteja mmoja asisajiliwe mara mbili, maana alikuwa anaingia kwa namba inayoanza na 0 afu anaingia tena kwa inayoanza na 255. Msimamizi akasema tu "andika vizuri" akaondoka. Sasa vizuri ndo vipi? Na niandike Kiswahili au Kiingereza, maana Kiingereza changu ni cha kuungaunga.

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Pole kwa kurudishiwa kazi, najua inavyouma hasa kama ulikesha nayo, ila huyo msimamizi wako kakufanyia jambo la maana, alichokosea ni kuondoka bila kukaa na wewe hata dakika kumi. Ngoja nikae mimi.

Kwanza kabisa elewa kwamba ulichobadilisha, Git, yaani programu inayotunza historia ya msimbo, inakijua tayari. Inajua faili gani, mstari upi umetoka, upi umeingia, saa ngapi na kwa jina la nani, mtu akiandika `git show` anaviona vyote, vya kutoka kwa rangi nyekundu na vya kuingia kwa kijani. Kitu ambacho Git haikijui na haitakuja kukijua ni KWA NINI. Uliona nini mpaka ukaamua kubadilisha, nani alilalamika, ulijaribu njia ipi ikagoma. Hayo yapo kichwani kwako tu, na wiki tatu zijazo hata humo kichwani hayatakuwepo. Meseji ya komiti ndo mahali pa kuyaweka yakabaki yamegandana na mistari yenyewe, faili likihamishwa jina au likifutwa kabisa bado meseji ipo kwenye historia. Ukiandika "update" umemwambia msomaji kwamba kuna kitu kimebadilika, na hilo analijua, bila hivo komiti isingekuwepo.

Nikupe kisa changu maana ndo kilichonifundisha.

Miaka ya nyuma nilikabidhiwa mfumo wa chama kimoja cha wakulima wa zabibu huku kwetu. Unajua zabibu za Dodoma zinavunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo mfumo wa kupokea mzigo unafanya kazi usiku na mchana wiki chache, afu unalala miezi, unapokuja kuamka msimu mwingine aliyeuandika keshahamia Dar au kapata ajira kwingine na simu kabadilisha. Nikaufungua, kwenye sehemu ya kupokea nikakuta mstari huu:

```
uzito_halisi = uzito - (idadi_kreti * 1.8)
```

1.8 ya nini? Hakuna maelezo pembeni wala juu. Nikapiga `git blame` kwenye lile faili, nikapata hashi (namba ya utambulisho) ya komiti iliyouleta ule mstari, nikapiga `git show`, meseji yake inasema "fix uzito". Basi, hakuna kingine. Nikaangalia fomu ya karani, imeandikwa "uzito wa zabibu". Mimi nikaona hapa mkulima anakatwa kilo zake bila sababu, nikaufuta ule mstari kwa moyo mweupe kabisa nikapandisha kwenye seva, tena nikaona nimewatetea wakulima.

Kumbe mizani ya pale kituoni ilikuwa ya zamani, huwezi kuirudisha sifuri kreti ikiwa juu yake, kwa hiyo karani alikuwa anapima zabibu pamoja na kreti zake, na kreti tupu walishaipima wakakuta ina kilo 1.8. Siku ile ziliingia kreti 140. Piga hesabu, kilo 252 za plastiki zimeandikwa kama zabibu. Mzigo ulipofika kwa mnunuzi ukapimwa upya haukulingana, na wa kwanza kutiliwa shaka akawa karani, mama mtu mzima mwaminifu kabisa, akaitwa aeleze hizo kilo zimekwenda wapi. Ilinichukua siku mbili kugundua kwamba ni mimi. Nilimfuata nikamuomba radhi ana kwa ana, akanisamehe, lakini mpaka leo nikikumbuka alivyokuwa amekaa pale na daftari lake mapajani roho inaniuma.

Sasa chukulia yule mwenzangu aliyenitangulia angeandika hivi:

```
Toa kilo 1.8 kwa kila kreti kwenye uzito wa zabibu

Mizani ya kituoni haiwezi kurudishwa sifuri kreti ikiwa juu yake,
karani anapima zabibu na kreti kwa pamoja. Tumepima kreti tupu,
ina kilo 1.8.

Mizani mpya ikija mstari huu uondolewe.
```

Ningeisoma kwa nusu dakika na nisingegusa kitu. Angalia sana ule mstari wa mwisho, unamwambia mtu wa baadaye ni lini ana ruhusa ya kuufuta. Watu wengi hata wanaoandika vizuri hawafiki hapo, wanaeleza kwa nini kitu kimeingia ila hawasemi kitatoka lini, matokeo yake mifumo inajaa mistari ambayo kila mtu anaiogopa.

Kwa hiyo ukiniuliza vizuri ndo vipi, kipimo changu ni hiki: mtu aliyekuta mstari wako usiku, mfumo umesimama, wewe hupatikani, akisoma meseji asihitaji kukupigia simu. Mengine yote ni ya umbo tu, na umbo nalo nitakueleza maana lina sababu zake.

Umbo lenyewe ni kichwa, mstari mtupu, halafu mwili. Huo mstari mtupu usiuruke, na ukijua ulikotoka hutausahau. Git aliitengeneza Linus Torvalds mwezi Aprili 2005 kwa ajili ya kernel ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo wa kompyuta, na watu wa kernel walikuwa wanatumiana mabadiliko kwa barua pepe, mpaka leo wanafanya hivo. Barua pepe ina kichwa cha habari na ina maelezo ndani, basi komiti ikarithi umbo hilohilo, mstari wa kwanza ndo kichwa cha habari na kinachofuata baada ya nafasi ndo barua yenyewe. Ukibananisha vyote bila kuacha nafasi, `git log --oneline` inakuunganishia mistari yote mpaka nafasi ya kwanza ikidhani yote ni kichwa, unapata utepe mrefu usiosomeka.

Utasikia watu wanasema kichwa kisizidi herufi 50 na mistari ya mwili isizidi 72. Sio sheria ya Git, Git haitakukatalia, ni desturi. Hiyo 72 imetokana na teminali (skrini za kuandikia amri) za zamani za upana wa herufi 80, `git log` inasogeza meseji nafasi nne kulia, ukiacha nne nyingine upande wa pili ili ikae katikati unabaki na 72. Hiyo 50 ya kichwa ni ya kukulazimisha ufikirie. Sasa kwa Kiswahili 50 inabana, maneno yetu marefu, neno kama "yaliyosajiliwa" peke yake limekula herufi 14, kwa hiyo mimi nalenga 50 na nikifika 60 na kitu silii, ila 72 sivuki, maana GitHub, tovuti ya kuhifadhi miradi ya Git, nayo kichwa kikivuka hapo inakikata na kuweka nukta tatu. Kile kichwa cha kreti pale juu kina herufi 50 kamili ukihesabu na nafasi, ujue inawezekana.

Kichwa anza na kitenzi cha amri. Zuia, Ongeza, Ondoa, Ruhusu, Rekebisha. Sio "Nimezuia" wala "Kuzuia". Sababu moja ni kwamba Git yenyewe ikiandika meseji zake inatumia amri, ukitengua komiti au ukiunganisha matawi (njia za kazi zinazokwenda sambamba) utaiona, kwa hiyo historia yote inasomeka kwa sauti moja. Sababu nyingine ni ya Kiswahili chetu: kitenzi cha amri ndo kifupi kuliko vyote, hakina nafsi wala wakati, "Rekebisha" herufi 9 na "Nimerekebisha" 13, na nani amefanya na lini Git imeshaandika. Namna ya kujipima, sema kimoyomoyo "mkiipokea komiti hii, nayo..." halafu malizia kwa kichwa chako, "...itazuia namba moja kusajiliwa mara mbili". Ikikaa, iko sawa. Jaribu na "final kabisa" uone inavyogoma.

Mwili sio lazima kila mara. Ukisahihisha neno lililokosewa kwenye kitufe, kichwa kinatosha na ukiongeza aya mbili unawachosha watu. Mwili unahitajika pale ambapo mtu akiangalia mistari atajiuliza "huyu alikuwa anawaza nini?" Hapo andika.

Nikuonyeshe mmoja wa kawaida, nauchukua kwenye mfumo mdogo wa gesti niliyoifanyia kazi jirani na stendi. Basi za usiku zikishusha abiria wanakuja kulala saa nane usiku, risiti inatolewa, na kila asubuhi mhudumu wa kaunta anabishana na tajiri yake kwa sababu ripoti ya siku haifanani na pesa zilizopo drooni. Nilichobadilisha ni mstari mmoja tu. Meseji ikawa hivi:

```
Tumia saa za Tanzania kwenye tarehe ya risiti

Seva inatunza muda kwa UTC na sisi tuko mbele kwa saa 3. Risiti
iliyotolewa kati ya saa 6 na saa 9 usiku ilibeba tarehe ya jana,
ndiyo maana ripoti ya kufunga siku haikulingana na pesa za kaunta.

Muda kwenye hifadhidata unabaki UTC, kinachobadilika ni tarehe
inayochapishwa na ile ya ripoti. Risiti za zamani hazijaguswa.
```

Mstari mmoja wa msimbo, mistari mitano ya maelezo. Usione haya kwa hilo, mara nyingi badiliko dogo ndo lenye kisa kirefu, kama lile la kreti. Ona nilivyoanza na hali ilivyokuwa, nikaeleza mtu wa kaunta alikuwa anaona nini kwa macho yake, halafu ndo nikasema nini sijakigusa. Hicho cha mwisho nakipenda sana maana kinamzuia mtu mwingine kuja kufikiri kwamba ulisahau. Sikuandika "nimebadilisha kazi ya kupanga tarehe kwenye faili la risiti mstari wa 88", hayo difu, ile orodha ya mistari iliyotoka na iliyoingia, inasema yenyewe.

Sasa tuje kwenye "update" yako, maana nahisi pale kuna ugonjwa mwingine na meseji ni dalili tu. Mtu anaandika "update" kwa sababu akijaribu kuandika kichwa cha kweli anashindwa, na anashindwa kwa sababu ndani ya komiti kuna vitu sita. Amerekebisha fomu, amebadilisha rangi ya menyu, amefuta faili alilohisi halitumiki, na njiani kabadilisha nenosiri la majaribio. Kichwa kipi kitabeba yote hayo? Ukijikuta unaandika "Rekebisha fomu na ongeza rangi na futa..." hizo "na" zikuamshe, rudi nyuma ugawanye.

Faida ya kugawanya utaiona siku ya shida. Tuseme ile rekebisho ya fomu imeleta balaa Ijumaa jioni na mnataka kuitengua kwa `git revert`. Kama komiti ni ya fomu tu, inatoka fomu tu. Kama ni "update" ya vitu sita, vinatoka vyote sita, ikiwemo vile vilivyokuwa vinafanya kazi. Au mnatafuta kosa limeingia lini. Kuna amri inaitwa `git bisect`, unaionyesha komiti ambayo mfumo ulikuwa mzima na ambayo ni mbovu, inakupeleka katikati unajaribu, inagawa nusu tena, komiti 1,000 unazimaliza kwa majaribio kama 10 tu. Ni silaha kali sana. Lakini ikikufikisha kwenye komiti yenye kosa afu ukakuta imebadilisha mafaili 40 na meseji inasema "update", umefikishwa mlangoni na ndani kuna nyumba nzima ya kupekua.

Kugawanya hakuhitaji uwe na nidhamu ya kimalaika wakati unaandika msimbo. Andika unavyoandika, ukifika kwenye kukomiti tumia `git add -p`, itakupitisha kipande kwa kipande ikikuuliza hiki kiingie au kisiingie, unajibu y au n, vya fomu unaviingiza, unakomiti, unarudi tena kwa vya rangi. Mara ya kwanza utaona inachelewesha, baada ya wiki mkono unazoea, na mara nyingi humo ndimo unagundua umeacha mstari wa majaribio ambao haukutakiwa kutoka nje.

Jambo jingine dogo ila linabadilisha kila kitu: acha `-m`. Ukiandika `git commit -m "..."` umekaa ndani ya alama za nukuu kwenye mstari mmoja wa teminali, lazima utaandika kifupi na utakimbia. Andika `git commit -v` tu. Itakufungulia edita (programu ya kuandikia), na chini itakuwekea difu yote uisome wakati unaandika. Kama inakufungulia Vim ukakwama humo, na wengi wanakwama wakaishia kufunga dirisha, weka nano:

```
git config --global core.editor nano
```

Kwenye nano unahifadhi kwa Ctrl+O halafu Enter, unatoka kwa Ctrl+X, basi. Tahadhari moja humo ndani ya edita: mstari unaoanza na alama ya # unafutwa, Git inauona kama maelekezo yake. Nimeona watu wanaanza mstari na namba ya tiketi (tatizo lililoandikishwa ofisini), #45, afu wanashangaa imeyeyuka. Andika "Tiketi #45" na utakuwa salama. Na hiyo tiketi usiifanye ndo maelezo yenyewe, "angalia tiketi 45" haitoshi, ofisi zinabadilisha mfumo wa tiketi kila baada ya miaka kadhaa na namba zinakufa, Git inabaki. Andika sababu kwa ufupi kisha ndo utaje tiketi.

Kiswahili au Kiingereza. Hapa watu wanabishana sana na wengi wanaona Kiingereza ndo utaalamu. Mimi nasema angalia nani atasoma. Kama mradi uko wazi kwa dunia nzima na unategemea mtu wa India au Brazil achangie, Kiingereza, hata kama ni cha kuungaunga, sentensi fupifupi zitaeleweka. Kama ni mfumo wa ofisi, wanaousoma ni nyie watano na mtakaowaachia ni Watanzania wenzenu, andika Kiswahili kilichonyooka. Sababu ya jambo ni kitu kigumu kueleza hata kwa lugha yako, ukienda kuieleza kwa lugha inayokupa shida utaikata, utaandika "fix" kwa sababu ndo neno ulilonalo. Nina hakika "fix uzito" ile haikutokana na uvivu, huenda mwenzangu alijua kila kitu kuhusu ile mizani ila hakujua aanzeje kuisema kwa Kiingereza.

Ila msichanganye. Kaeni ofisini mkubaliane lugha moja kwa ripo (hifadhi ya mradi) moja, na majina ya vitu yawe mamoja. Utakuja kutafuta kwenye historia kwa `git log --grep=risiti`, na kama nusu ya watu waliandika "risiti" na nusu "receipt" na mwingine "stakabadhi" utapata sehemu tu ya unachotafuta bila kujua kwamba kuna nyingine. Kama msimamizi wako ameshaweka Kiingereza kuwa lugha ya hiyo ripo basi fuata, usianzishe vita ukiwa field, ila muulize, maana kwenye maelezo yako sioni kama alisema.

Kuna ofisi zinataka kichwa kianze na "feat:" au "fix:" au "docs:", huo ni utaratibu unaoitwa Conventional Commits, unasaidia programu nyingine kutengeneza orodha ya mabadiliko na kupanga namba za toleo. Mkiutumia sawa, msipoutumia sawa, hauondoi hitaji la kueleza sababu. "fix: uzito" ni ileile ya mwanzo, imeongezewa nukta mbili tu.

Na saivi kuna hizi edita zenye akili bandia, unabonyeza kitufe inakuandikia meseji nzima kwa Kiingereza kizuri. Nimezijaribu. Zinasoma difu na kukusimulia difu, zitaandika kwamba umetoa idadi ya kreti mara 1.8 kutoka kwenye uzito, sentensi safi kabisa, na kuhusu mizani ya kituoni hazitasema neno, zitaijulia wapi? Kama unataka ikurekebishie lugha baada ya wewe kuandika sababu, sawa. Usiiachie sababu.

Kitu ambacho usiandike kamwe kwenye meseji ni taarifa za watu. "Rekebisha salio la mama fulani 07 ngapi ngapi". Meseji inakwenda kwa kila mwenye kopi ya ripo, kuifuta baadaye ni kazi kubwa, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, sio mchezo. Andika "mteja aliyelipa mara mbili siku moja", inatosha. Nenosiri nalo vilevile, hata la majaribio.

Haya, turudi kwenye zako tatu. Historia yako saivi iko kama hivi:

```
a3f91c2 final kabisa
7be04d1 fix bug
19c8e5a update
```

Inarekebishika. Lakini elewa kwanza kwamba hizo namba za mbele, hashi, zinatokana na kila kilichomo kwenye komiti ikiwemo meseji na komiti iliyotangulia, kwa hiyo ukibadilisha hata nukta ya meseji unapata hashi mpya, na zote zilizo juu yake nazo zinabadilika. Ndo maana kwenye tawi kuu ambalo wenzako wameshachukua hatugusi historia hata kama meseji inatia aibu, ila tawi lako mwenyewe ambalo bado linapitiwa, ruksa. Weka akiba kwanza, `git branch akiba`, ili likiharibika una pa kurudi. Kisha `git rebase -i HEAD~3`, itakufungulia orodha ya komiti tatu, ya zamani ikiwa juu. Kwenye "fix bug" badilisha neno pick uweke reword, itakusimamisha uandike meseji upya. Kwenye "update" weka edit, ikisimama piga `git reset HEAD~1`, mabadiliko yatabaki ila komiti itafunguka, hapo unaingia na `git add -p` unazigawa moja moja, ukimaliza `git rebase --continue`. Ile "final kabisa" sijui ina nini ndani, kama ni marekebisho madogo ya ile ya simu iache palepale chini ya "fix bug" kwenye orodha na uweke fixup, itamezwa humo.

Na ya simu ningeanza hivi:

```
Tunza namba zote za simu kwa muundo wa 255

Mteja aliyesajiliwa kwa namba inayoanza na 0 aliweza kusajiliwa
tena kwa namba hiyohiyo ikianza na 255, mfumo ukamwona kama watu
wawili. Sasa kila namba inageuzwa kuwa 255 kabla ya kulinganishwa
na kuhifadhiwa.
```

Halafu malizia wewe, maana kuna mawili nisiyoyajua: kwa nini ulichagua 255 na sio 0, na wale wateja ambao tayari wameingia mara mbili umewafanya nini. Kama hujawagusa, andika kwamba hujawagusa. Ukimaliza, mwambie msimamizi kwanza kwamba unabadilisha historia ya tawi lako, kwa sababu kopi yake bado ina hashi za zamani, akishajua ndo upushi (uipeleke kwenye seva) kwa `git push --force-with-lease`, hiyo itakataa yenyewe kama kuna mtu ameongeza kitu kwenye tawi ambacho wewe hujakiona.